Mapango ya Nashik na Mtungi wa Nje ya Geti

Mazungumzo yaliyotolewa alasiri ya maadhimisho ya hekalu letu, Bariadi

   

Kamati ilituomba tuzungumze juu ya urithi wa wazee wetu waliotoka Bara Hindi. Mlango wa mada hiyo ni mpana mno. Tungeweza kusimulia majahazi yaliyovuka bahari kwa upepo wa kaskazi, maduka ya kwanza yaliyofuata reli, na viwanda vya kuchambua pamba. Lakini hayo mmeyasikia mara nyingi, na baadhi yenu mmeyasikia kutoka kwetu sisi wenyewe. Leo tumechagua kuwapeleka mahali ambapo hata sisi tulifika kwa bahati tu, nako ni kwenye mapango ya watu wa dini isiyo yetu.

Miaka michache iliyopita mzee wetu mmoja alifariki dunia hapa mjini. Wengi wenu mlimjua: alinunua pamba, akauza vitambaa, na jasho lake limo katika kuta za hekalu hili. Hatutamtaja jina, kwa sababu yeye mwenyewe alikataa jina lake lisiandikwe hata kwenye bamba la marumaru lililopo mlangoni. Aliacha wosia kwamba majivu yake yagawanywe mafungu mawili. Moja litiwe katika mto Simiyu, na la pili lipelekwe Nashik, litiwe katika mto Godavari. Ilikuwa Septemba, na Simiyu ulikuwa mchanga mtupu. Majivu yalikaa ndani ya chungu hadi mvua za Novemba zilipouamsha mto. Fungu la pili tulikabidhiwa sisi, watu wawili, tukasafiri nalo.

Kwa faida ya majirani zetu, Nashik ni mji wa magharibi mwa India, katika jimbo la Maharashtra, nao umejengwa kandokando ya Godavari. Sisi Wahindu tunauheshimu kwa sababu pana Panchavati, mahali ambapo Ramayana inasimulia kuwa Rama, Sita na Lakshmana walikaa walipokuwa uhamishoni. Pana pia Ramkund, bwawa la ngazi za mawe mtoni, na hapo ndipo familia nyingi huleta majivu ya wafu wao. Ibada ilimalizika mapema asubuhi. Tulikuwa na nusu siku mikononi na huzuni isiyokuwa na kazi, na dereva wa bajaji (bajaji ya kule ni hii hii ya kwetu, ila kule hakuna anayeishangaa) akatuuliza kama tumekwisha kuyaona mapango ya Pandava. Hatukuwa tumeyaona. Akatuendesha kilomita chache nje ya mji hadi chini ya kilima kilichochongoka, akasema angetungoja.

Tulipanda ngazi nyingi. Juu, ubavuni mwa kilima, mmepangwa milango 24 iliyokatwa ndani ya mwamba mweusi. Si mapango ya popo kama tulivyotarajia. Ni nyumba: baraza yenye nguzo, ukumbi mpana, na pande zote tatu za ukumbi vyumba vidogo, kila kimoja na kitanda cha jiwe. Kwenye pango la 3 wamechongwa majitu yaliyoinama chini ya baraza, yamebeba mihimili ya jiwe mabegani, na nyuso zao zinaonesha uzito wa mzigo. Pango la 18 ni ukumbi wa ibada, una dari la mviringo na kuba la jiwe mwishoni. Tukasoma kibao cha serikali, nacho kikatuambia kwamba Pandava hawakuwahi kulala pale. Nyumba zile ni za watawa wa Kibuddha, nazo zilianza kuchongwa kiasi cha miaka 2,000 iliyopita.

Buddha alifundisha kaskazini mwa Bara Hindi karne kadhaa kabla ya Kristo. Watawa wake walitakiwa kutembea kijiji hadi kijiji, wakipokea chakula kwa bakuli, bila nyumba. Lakini katika miezi ya mvua walikatazwa kutangatanga, wasije wakakanyaga mimea michanga na vidudu vinavyotambaa nje. Basi walihitaji pa kujisitiri kwa miezi mitatu au minne kila mwaka, na katika milima ya magharibi mwa India, ambako mvua hunyesha kwa hasira, hakuna pa kujisitiri panaposhinda mwamba.

Mafundi waliokuwamo katika msafara wetu wa mazungumzo haya wametuomba tueleze namna kazi ile ilivyofanywa. Fundi wa mapango hajengi, anaondoa. Huanza juu, penye dari, na kushuka polepole kuelekea sakafuni kwa tindo na nyundo, na kwa hiyo hahitaji jukwaa la kusimamia, kwani mwamba ambao bado hajauondoa ndio jukwaa lake. Nguzo haiwekwi: inaachwa. Fundi wetu wa Bariadi akikosea tofali hulibomoa na kuweka jingine; fundi wa Nashik akiipasua nguzo, ukumbi mzima unabaki na kilema hicho hadi mwisho wa dunia.

Mapango mashuhuri kuliko hayo yako Ajanta, katika jimbo hilo hilo. Huko mto Waghora umepinda kama kwato ya farasi, na juu ya kipindo hicho, katika ukuta wa genge, yamechongwa mapango yapatayo 30. Machache katika karne za mwisho kabla ya Kristo, mengi katika karne ya 5 baada yake. Ndani yake mna picha za rangi ambazo ulimwengu wote huzisifu, na katika pango la 26 Buddha amechongwa amelala ubavu, urefu wake kama mita 7, akiiaga dunia. Watawa walipoondoka, msitu uliyafunika. Mwaka 1819 afisa Mwingereza aliyeitwa John Smith, akiwa katika msako wa simbamarara, aliyaona, akaingia katika pango la 10 na kuchora jina lake ndani. Vitabu husema kwamba aliyagundua. Wanakijiji wa bonde lile walikuwa wakiyajua siku zote. Tunawaachia wazee wa Usukuma waamue neno hilo lina maana gani, wao ambao mababu zao walikuwa wakivua samaki katika ziwa ambalo Speke “aliligundua” mwaka 1858. Na mto wetu Simiyu hadi leo unamwaga maji yake katika ghuba yenye jina lake.

Turudi Nashik. Kilichotushika pale hakikuwa sanamu. Kilikuwa maandishi.

Katika baraza ya pango la 10, ukutani chini ya dari, kuna mistari mirefu ya herufi za kale za Brahmi. Ina umri wa miaka ipatayo 1,900. Aliyeamuru iandikwe ni Ushavadata, mkwe wa mtawala aliyeitwa Nahapana. Ushavadata hakuwa mwenyeji kwa asili: alikuwa Mshaka, wa watu walioingia Bara Hindi kutoka nyika za Asia ya Kati. Wala hakuwa mtu wa dini moja tu katika utoaji wake. Maandishi yanamtaja kuwa aliwapa Wabrahmana ng'ombe 300,000 (wafugaji wa Meatu, tafadhali tulieni), akaitolea miungu na Wabrahmana vijiji 16, na kuwaozesha Wabrahmana wanane huko Prabhasa, mahali ambapo waumini wetu wanapajua zaidi kwa jina la Somnath. Kisha mtu huyo huyo akawachimbia watawa wa Buddha pango na mabirika ya maji, akawanunulia shamba la kuwapatia chakula.

Sehemu inayofuata tumeinakili kwa uangalifu, kwa kuwa mkoa huu unaishi kwa pamba. Ushavadata aliwawekea watawa fedha 3,000. Hakuwapa mikononi. Alizikabidhi kwa vyama viwili vya wafumaji wa nguo: 2,000 kwa chama kimoja kwa faida ya 1 kwa kila 100 kwa mwezi, na 1,000 kwa kingine kwa faida ya robo tatu. (Masheikh wetu mtatusamehe kwa habari hii ya riba; sisi tunasoma tu kilichoandikwa.) Mtaji hautarudishwa wala kuguswa, faida peke yake ndiyo itakayotumika. Watawa 20 watakaokaa pangoni wakati wa mvua, kila mmoja atapata 12 za nguo. Pigeni hesabu: 2,000 huzaa 20 kwa mwezi, yaani 240 kwa mwaka, na 240 ukizigawa kwa watawa 20 kila mmoja anapata 12. Haikubaki hata senti ya kugombania. Na maandishi yanamalizia kwamba jambo hilo lilitangazwa mbele ya baraza la mji na kuandikwa kwenye ubao wa kumbukumbu, kama desturi ilivyotaka. Mhasibu wetu alipolisikia hilo alikohoa.

Pango hilo lina pia maandishi ya mwanamke, Vishnudatta, ambaye naye alikuwa wa asili ya Washaka. Jina lake maana yake ni “aliyetolewa na Vishnu”. Hata hivyo alikuwa mfuasi wa Buddha. Aliweka fedha kwa vyama vya mafundi, wakiwamo wafinyanzi na wakamuaji wa mafuta, ili faida yake inunue dawa za watawa wagonjwa, bila kujali mtawa ametoka wapi. Na katika pango la 17 ameandikwa Indragnidatta, Myavana wa kaskazini, neno ambalo Wahindi wa zamani walilitumia kwa Wayunani. Alichimba pango na mabirika kwa heshima ya baba na mama yake. Alikuwa mbali na kwao. Tulisimama mbele ya maneno yake kwa muda, sisi ambao baba zetu walizaliwa Shinyanga na babu zao Kathiawar, na mmoja wetu akafuta miwani yake bila sababu.

Neno moja ndilo lililotufanya tuandike mazungumzo haya. Katika orodha ya matendo ya Ushavadata imeandikwa kwamba aliweka vyombo vya kuvusha watu bure katika mito sita, mmoja wao ukiwa Tapi, mto wa Surat. Na katika kingo zote mbili za mito hiyo alijenga mabaraza ya kupumzikia na mahali pa kunyweshea wapita njia maji bila malipo. Neno lililotumika kwa mahali hapo ni prapa. Wale miongoni mwetu wanaozungumza Kigujarati wameshashtuka, maana prapa ndiyo parab yetu: ule mtungi wa maji unaowekwa nje ya nyumba au duka, wenye kifuniko na kata juu yake, kwa ajili ya yeyote aliyeshikwa na kiu.

Mzee wetu, yule ambaye majivu yake tulikuwa tumetoka kuyamwaga, alikuwa na parab nje ya duka lake hapa Bariadi. Wenye umri wa kutosha mnaikumbuka: mtungi mweusi uliofinyangwa na akina mama wa Kisukuma, umekaa juu ya kigoda cha mbao kwenye kivuli cha bati. Msimu wa pamba, wakulima waliotoka mbali na mikokoteni ya ng'ombe walikunywa hapo kabla hata ya kusalimiana juu ya bei. Hekalu lilipojengwa, mtungi ule aliuhamishia kwenye geti letu, na baadaye pembeni yake ikawekwa koki.

Kisha ukaja mwaka wa ukame. Kisima chetu kikaanza kutoa maji ya tope. Kamati ilikutana, nasi tukiwamo, na ikaamua koki ya nje ing'olewe na mtungi uingizwe ndani, karibu na mahali pa kuvulia viatu. Sababu zilikuwapo, na zilisikika kuwa za busara: pampu ilikuwa inaungua, foleni ilikuwa inafika barabarani, na ibada haiwezi kufanyika bila maji. Akina mama wa mtaa walikuja na madumu yao wakakuta ukuta. Hakuna aliyetulalamikia. Lakini Diwali ya mwaka ule meza ya ladu na barfi ilibaki imejaa, na majirani waliokuja kula pamoja nasi walihesabika. Mzee alikuwa hai bado. Hakusema neno katika kikao. Alichukua kata ya mtungi akaenda nayo nyumbani kwake. Mwanawe aliikuta kabatini baada ya mazishi.

Hatusemi haya ili kumhukumu mtu, kwani mikono iliyonyanyuliwa siku ile ni pamoja na yetu.

Kwenye mapango ya Nashik, jambo jingine linaonekana kwa macho hata bila kusoma. Watawa waliondoka, karne kwa karne, mpaka hakubaki hata mmoja. Waliofuata waliyatumia kwa namna yao. Katika pango la 11 mna sanamu za Wajaini. Katika ukumbi wa pango la 10, mahali ambapo palichongwa kuba la Kibuddha, baadaye pamechongwa Bhairava, sura ya Shiva. Na aliyefanya hivyo ni mtu wa dini yetu, kwa hiyo lazima tuseme kweli kwamba aliharibu kazi ya mwenziwe. Majina ya wafadhili yakasahauliwa, herufi zikawa hazisomeki, na wanakijiji wakayapa mapango jina la Pandava, kwa kuwa nyumba nzuri kama ile haiwezi kukosa mwenyewe. Hata hapa Tanzania hali si tofauti sana. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, ilichorwa na watu ambao wametoweka zamani sana, na bado wenyeji wa Kolo huenda kwenye mwamba wa Mungumi kufanya matambiko ya mvua na ya uponyaji.

Tunayataja hayo kwa sababu nyumba za waumini wa hekalu hili mjini Bariadi zinahesabika kwa vidole. Watoto wetu wako Mwanza, Dar es Salaam, na wengine Leicester. Wanarudi kwa sherehe kama ya leo, wanapiga picha, wanaondoka. Jioni za kawaida, aarti huimbwa na watu sita au saba. Kila mmoja wetu amekwisha kujiuliza kimoyomoyo ni nani atakayefungua mlango huu miaka 30 ijayo, na hakuna aliyethubutu kuliuliza kwa sauti katika kikao.

Sasa kuna mfuko wa maadhimisho, na waumini wa hapa na wa ng'ambo wameuchangia kwa moyo mkunjufu. Mapendekezo ni mawili. La kwanza ni kuupamba uso wa hekalu kwa marumaru ya kuchongwa kutoka Rajasthan, pamoja na ubao wa majina ya waliochangia. Ni pendekezo zuri, na waliolileta wanalipenda hekalu hili si chini yetu. La pili ni tangi la kuvuna maji ya mvua chini ya ukumbi mpya, na koki mbili nje ya ukuta. Sisi tunaunga mkono la pili, na tunaona ni haki mjue tumelifikia kwa njia gani. Wachongaji wa Nashik walichonga sanamu ambazo fundi wa leo hawezi kuzichonga. Hata hivyo wafadhili wao walipoandika zawadi zao, mara kwa mara waliandika mambo mawili pamoja: pango, na birika.

Kuhusu maji yenyewe, hesabu si ngumu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la ukumbi litakuwa na mita za mraba 200. Mvua moja nzuri ya milimita 50 italeta lita 10,000, ukiacha zile zitakazopotea kwenye mifereji. Hilo halitamaliza kiu ya mtaa kuanzia Julai hadi Oktoba, na tusiwadanganye majirani zetu. Lakini ni tofauti kati ya ukuta na koki.

Ama kuhusu kulitunza, tumejifunza kwa wafumaji. Tunapendekeza sehemu ya mfuko iwekwe akiba isiyoguswa, na faida yake pekee itengeneze koki, isafishe tangi na kununua dawa ya maji. Watunzaji wawe wanne: wawili kutoka hekaluni na wawili watakaochaguliwa na mtaa, akina mama wakiwemo, na funguo ziwe pande zote mbili. Hesabu isomwe kila mwaka mbele ya mkutano wa mtaa na kubandikwa ubaoni, nje, mahali ambapo hata asiye muumini ataisoma. Mhasibu amekubali, baada ya kukohoa mara ya pili. Ikiwa siku moja hapatakuwa na Mhindu wa kupiga kengele hapa ndani, funguo mbili zitakuwa bado mikononi mwa watu wa Bariadi.

Kura itapigwa na waumini Jumapili ijayo baada ya ibada ya asubuhi. Majirani hawana kura, kwa mujibu wa katiba yetu, lakini kamati imekubali kuwasikiliza kabla ya kura hiyo, na tunawaomba mje. Mchoro wa tangi umebandikwa barazani, upande wa kushoto, karibu na mtungi. Fundi yupo hapa na atajibu maswali. Mtaona kwamba koki moja imechorwa chini zaidi ya nyingine, ili mtoto aliyetumwa maji aifikie. Wenye ndoo kubwa tafadhali mpime wenyewe kama kimo cha ile ya juu kinatosha, mtueleze kabla zege halijamwagwa. Kata ya mzee imerudishwa na familia yake leo asubuhi. Iko juu ya kifuniko, na maji yapo.